Hamu ya Kupita na Haja ya Kudumu: Kuzipambanua Sokoni na Katika Dua

Kuna mahali pawili ambapo binadamu hutamka wazi anachokitaka: mbele ya muuzaji na mbele ya Mungu. Sokoni husema nipimie hiki, nifungie kile. Akiwa kwenye mswala, au amepiga magoti kanisani, husema nijalie hiki, niepushie kile. Anayetamka ni mtu mmoja, na tabia yake humfuata huku na huku. Mwenye pupa dukani huwa na pupa katika maombi, na aliyezoea kutulia mbele ya Mola wake hupata nguvu ya kutulia hata mbele ya muuza viatu.

Nimeandika makala haya kwa ajili ya watu wanaoumizwa na pupa hiyo, nao ni wengi. Wapo wenye kabati lililojaa nguo zisizovaliwa, ilhali ada ya mtoto haijatimia. Wapo wanaolipa kila siku deni la kitu walichokwisha kukichoka. Na wapo waliovunjika moyo katika ibada, wanaosema dua zao hazipokelewi, kumbe hawajawahi kuomba jambo moja kwa majuma mawili mfululizo: wiki hii gari, wiki ijayo safari ya ng'ambo, mwezi ujao duka kama la jirani. Wote hao wana shida moja. Hawajajifunza kupambanua hamu inayopita na haja inayodumu.

Niseme mapema kwamba hamu si dhambi. Kutamani maembe ya msimu, kanga mpya au matembezi ya jioni ni sehemu ya uhai. Hatari huanza pale hamu ya siku moja inapobebeshwa deni la mwaka mzima, au nadhiri ya maisha yote. Ushauri wangu wote umesimama hapo: hamu icheleweshe, haja iliyojificha ndani yake isikilize, na deni pamoja na nadhiri, kama ni lazima viwepo, viwe kwa ajili ya haja peke yake.

Hamu huingilia wapi

Pita Kariakoo, Dar es Salaam, siku chache baada ya mishahara kutoka. Mtaa wa Kongo umejaa bidhaa hadi barabarani, na wauzaji wanaijua kazi yao. Mmoja anakuambia kuangalia ni bure. Mwingine anakuambia zimebaki pea mbili. Wa tatu anakuwekea nguo mkononi, maana anajua kuwa ukishaishika utaona tabu kuirudisha. Kwenye mitumba, robota likifunguliwa asubuhi watu husongamana, kila mmoja akihofia mwenzake atawahi ile nzuri, na katika msongamano huo hakuna anayepata nafasi ya kujiuliza kama anaihitaji. Siku hizi soko limeingia hadi kitandani. Mtu anapitisha kidole kwenye simu saa nne usiku, anaona gauni, anaandika "bei gani?", na kabla hajalala ameshatuma pesa. Zamani ilibidi noti zitoke mfukoni na kuhesabiwa moja moja, na katika kuhesabu huko mtu aliweza kughairi. Sasa namba ya siri inatosha.

Wauzaji hawa wanatafuta riziki yao halali, na sitaki tuwachukie. Lakini kazi ya kutuliza moyo wako si yao, ni yako. Wahenga walishatuonya kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda: upya wenyewe una utamu wake, hata pale kitu kinapotuumiza.

Hali ya mwili nayo huchangia. Mwaka 1998 watafiti Daniel Read na Barbara van Leeuwen walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wafanyakazi wa ofisi mjini Amsterdam. Waliwataka wachague kitafunwa ambacho wangepewa wiki moja baadaye. Walioulizwa wakiwa na njaa walichagua vitafunwa visivyofaa kwa afya zaidi kuliko walioulizwa wakiwa wameshiba. Njaa ya leo ilikuwa inamwamulia mtu chakula cha wiki ijayo.

Anayefunga Ramadhani hahitaji utafiti kulijua hilo. Nenda sokoni saa kumi jioni ukiwa na swaumu: utanunua tende, tambi, magimbi, mihogo, sambusa, tikiti na matunda ya juisi ya aina tatu. Baada ya adhana ya magharibi utakula tende chache, uji na kipande cha muhogo, na vilivyobaki vitalala. Anayetoka na orodha aliyoiandika usiku uliopita, baada ya kufuturu na kushiba, hutumia kidogo zaidi na mkeka wake haupungukiwi na kitu.

Katika dua mambo ni hayohayo. Mtu akitoka kwenye harusi ya rafiki huomba harusi. Akitoka kumtembelea aliyejenga huomba nyumba. Akiwa na hasira huomba adui yake aporomoke. Qur'ani, katika aya ya 11 ya sura ya 17, inamweleza binadamu kuwa kiumbe mwenye haraka, kiasi cha kuita yanayomdhuru kwa ari ileile anayoitia mema. Biblia nayo ina kisa kizito katika Hesabu 11. Wana wa Israeli walipoichoka mana jangwani waliwakumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti na vitunguu, wakalia wakidai nyama. Katika hamu ile walisahau kuwa vyakula hivyo walivila wakiwa watumwa. Wakaletewa kware wengi kupita kiasi, na pigo likawashukia nyama ikiwa bado kinywani. Waliokufa walizikwa palepale, na mahali hapo pakapewa jina lenye maana ya makaburi ya wenye tamaa. Walipewa walichokiomba, na hicho ndicho kilichowaangamiza.

Muda ndio chekeche

Alama ya kwanza ya haja ya kudumu ni kwamba inastahimili kungoja. Hamu ikicheleweshwa hufifia. Haja ikicheleweshwa hubaki, na mara nyingi hukua. Kwa hiyo kabla ya maswali marefu, weka siku.

Chukua daftari dogo. Kila unapotamani kitu ambacho hakikuwa kwenye mipango yako, kiandike pamoja na bei yake na tarehe. Kama bei haizidi kipato chako cha siku moja, kisubirie siku tatu. Kama inafikia kipato cha wiki, subiri mwezi. Kama inafikia kipato cha mwezi au zaidi, subiri miezi mitatu, na katika muda huo weka akiba yake kidogo kidogo kana kwamba umeshaamua kununua. Siku ikifika, soma ulichoandika. Vitu vingi utaviona na kushangaa uliviandika kwa nini. Vichache vitakuwa bado vinakuita, na hivyo vinunue kwa furaha, maana hata fedha yake imeshaanza kupatikana.

Kanuni hii haihusu dharura. Mtoto akiwa na homa usifungue daftari, nenda zahanati. Chakula, dawa na ada havingoji miezi mitatu. Tunazungumzia vitu ambavyo jana uliishi bila kuvikumbuka.

Watu wetu wana vyombo vya kuchelewesha tangu zamani, tatizo ni kwamba tunaanza kuvidharau. Kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari hukupa nafasi ya kufikiri mara mbili, kwa sababu kukivunja ni uamuzi. Upatu nao hufanya kazi hiyo. Mama aliyepangiwa zamu ya saba katika mchezo wa kila mwezi ana miezi saba ya kulifikiria kochi analolitaka. Mara nyingi zamu inapomfikia ameshaona kwamba bati linalovuja ndilo la kushughulikiwa kwanza. Katika vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA mwenye kutaka mkopo huwaeleza wenzake ataufanyia nini. Kuitamka hamu mbele ya watu wazima wanaokujua ni kipimo kikubwa, kwani ipo mipango ambayo kichwani hung'aa lakini ikishatamkwa mwenyewe huona haya.

Dini zetu zina vyombo vyake pia. Wakatoliki wana novena: nia moja, siku tisa mfululizo, kwa kuzikumbuka siku ambazo mitume walikaa katika sala pamoja na Bikira Maria, kati ya Kupaa kwa Bwana na Pentekoste. Anayeanza novena kwa hamu ya kupita hujikuta siku ya nne anasoma maneno huku moyo umeshahamia kwingine. Hilo lisimtie aibu. Amepewa habari muhimu kuhusu moyo wake, na anaweza kuanza upya na nia iliyo ya kweli zaidi. Waislamu wana sala za usiku, katika theluthi ya mwisho. Asiye na haja hasa haachi blanketi saa tisa usiku akatawadhe kwa maji baridi ili aiombe. Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume Muhammad (S.A.W.) alifundisha kuwa mja hujibiwa maadamu hafanyi pupa ya kulalamika kwamba ameomba na hakujibiwa.

Mfano wa haja iliyopita chekeche hilo ni Nabii Zakaria, ambaye Waislamu na Wakristo wote wanamjua. Sura Maryam inamwonyesha akiwa mzee, mifupa imedhoofu na kichwa kimejaa mvi, akimnong'oneza Mola wake kuhusu mrithi. Injili ya Luka inamweka hekaluni akifukiza uvumba, anapoambiwa kuwa dua yake imesikiwa na mkewe Elisabeti atazaa. Hamu ya kupita isingemfikisha mtu mpaka uzeeni. Ujana ulimpita, nguvu zikampungua, na ombi lake likabaki. Mtoto aliyepewa ni Yahya, ambaye Wakristo humwita Yohana Mbatizaji.

Maswali matatu baada ya muda

Muda pekee hautoshi. Kisasi kinaweza kudumu miaka ishirini, na wivu hali kadhalika, na kumtamani mke au mume wa mwenzako pia. Kinachodumu si lazima kiwe chema. Ombi lolote linalotaka mwingine aumie, au linalovunja amri ya Mungu, liondoe kwenye daftari hata kama limeota mizizi, na badala yake omba uponywe nalo. Yaliyobaki yaulize maswali matatu.

La kwanza: ningekitaka kitu hiki kama hakuna mtu atakayekiona? Chukua sare za harusi. Kuchangia sare ya mdogo wako ni upendo na heshima ya familia. Lakini mtu aliyenunua vitenge vya harusi sita kwa mwaka, huku hajui majina ya maharusi watatu kati yao, ananunua macho ya watu. Katika ibada swali hili huuma zaidi. Yesu aliwafundisha wanafunzi wake waingie chumbani, wafunge mlango, ndipo waombe. Waislamu nao wameonywa vikali dhidi ya riya, yaani ibada ya kujionyesha. Kama ombi lako la cheo linapoa ukiwaza kuwa hakuna jirani wala ndugu atakayejua umepandishwa, umeshajua ulichokuwa unakiomba kwa kweli.

La pili: likishapita mawazoni, linaniacha katika hali gani? Swali hili lina historia. Mwaka 1521 askari wa Kibaski, Inyasi wa Loyola, alivunjwa mguu na risasi ya mzinga akiitetea ngome ya Pamplona nchini Hispania. Akiwa kitandani aliomba vitabu vya visa vya mashujaa wa vita. Nyumba ile haikuwa navyo, akapewa kitabu cha maisha ya Kristo na kingine cha maisha ya watakatifu. Siku zikawa ndefu, naye akawa anawaza kwa zamu: mara ushujaa na bibi wa cheo aliyetaka kumpendeza, mara kuishi kama watakatifu Fransisko na Dominiko. Mawazo yote mawili yalimpendeza yalipokuwa yakiendelea. Tofauti ilijitokeza baadaye. Yale ya kwanza yalipokwisha yalimwacha mkavu na asiyeridhika, na yale ya pili yalimwacha na furaha iliyokaa. Kutokana na kulichunguza jambo hilo alikuja kuandika mafundisho yake juu ya kupambanua miguso ya moyo, ambayo wafuasi wake, Wajesuiti, waliyaeneza duniani kote.

Huhitaji kuwa mtakatifu kukitumia kipimo hicho. Ukishatazama picha za bidhaa kwenye simu kwa nusu saa, iweke chini ujichunguze. Umetulia, au unajiona maskini kuliko ulivyokuwa kabla ya kuanza? Ukishawaza kumlipia mdogo wako ada ya chuo cha ufundi mpaka amalize, je? Hamu huwa tamu inapopita na chungu ikishapita. Haja ya kudumu huacha utulivu hata kabla haijatimia.

La tatu: niko tayari kulifanyia kazi? Anayetamani kujua kushona na hataki kukaa kwenye cherehani siku za kukosea ana hamu ya sifa za fundi. Anayeomba ndoa na hakubali kujifunza kusamehe anaomba sherehe. Anayeomba uponyaji wa kisukari na kukataa kupunguza sukari ameachia mdomo kazi ambayo mwili wote ungepaswa kuishiriki. Haja ya kweli huanza kutugharimu jasho kabla haijajibiwa, nasi hulitoa bila kulalamika sana.

Sikiliza kilicho chini ya hamu

Hapa ndipo ushauri mwingi juu ya matumizi hukoma mapema. Humwambia mtu aikatae hamu, kisha basi. Lakini hamu nyingi zina haja ya kweli iliyojificha chini yake, na ukiifukuza hamu bila kuisikiliza, haja hiyo itarudi kesho kwa sura nyingine, na utaanza upya kupambana nayo.

Njia ya kuifikia ni kujiuliza "ili iweje?" mara tatu au nne. Nataka simu mpya. Ili iweje? Nipige picha nzuri. Ili iweje? Niwaonyeshe watu keki ninazopika. Ili iweje? Nipate wateja nje ya mtaa huu. Sasa tumeipata haja: wateja. Huenda simu ni jibu, na huenda kuazima simu ya dada yako Jumamosi moja kwa mwezi kunatosha kuanzia. Mtu mwingine akianza na simu ileile atafika kwingine. Ili iweje? Wenzangu wasinicheke. Ili iweje? Nijione ninahesabika. Huyu haja yake ni heshima na urafiki, na hakuna simu itakayompa, kwa sababu mwakani litatoka toleo jipya na kicheko kitarudi. Afadhali atafute watu wanaomthamini, au azungumze na wale anaowaogopa.

Katika dua kazi hii ni muhimu zaidi. Mara nyingi tunamletea Mungu jina la jibu badala ya kumletea haja yetu: nipe kazi katika ofisi ile, nipe mchumba yule, nipe kiwanja kile. Tukinyimwa jina hilo tunadhani tumenyimwa yote. Uislamu umetoa mafunzo mazuri juu ya jambo hili katika sala ya istikhara, ambayo Jabir bin Abdullah amesimulia kuwa Mtume aliwafundisha masahaba zake kwa uangalifu kama alivyowafundisha sura za Qur'ani. Mja anasali rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha analitaja jambo lake waziwazi. Anaomba kwamba kama lina kheri katika dini yake, maisha yake na mwisho wake, afanyiwe wepesi; na kama lina shari, liepushwe naye na yeye aepushwe nalo, kisha ajaaliwe kheri popote ilipo na aridhike nayo. Mwombaji hafichi anachokitaka wala hakishikilii kwa nguvu. Wengi husubiri ndoto baada ya istikhara. Wanachuoni wanaeleza kuwa ndoto si sharti: taka ushauri kwa wenye busara, endelea na hatua za kawaida, uone mlango unafunguka au unafungwa.

Mkristo ana mfano huo katika bustani ya Gethsemane, ambapo Yesu aliomba kikombe cha mateso kimwondokee, na papo hapo akayaweka mapenzi ya Baba mbele ya yake. Omba hivyo. Litaje jambo kwa jina, maana Mungu hachoshwi na mambo yetu madogo. Kisha itaje na haja iliyo chini yake. Sema: naomba kazi ile, na ninachokililia ni kuwalisha wanangu bila fedheha. Ukiomba hivyo utaweza kulitambua jibu hata likija kwa njia ya banda la chips badala ya ofisi.

Deni na nadhiri

Hamu ikibaki hamu, hasara yake ni ndogo. Hasara kubwa huja inapofungwa kwa mkataba. Tuseme simu inauzwa taslimu shilingi 300,000. Kwa mkopo unaambiwa utoe kianzio cha 60,000, kisha 1,500 kila siku kwa mwaka mmoja. Elfu moja na mia tano inaonekana kama nauli tu. Izidishe kwa siku 365 utapata 547,500, na ukijumlisha kianzio ni 607,500. Umelipa bei ya simu mbili, na siku usipolipa inafungwa mkononi mwako. Hesabu hii ifanye mwenyewe kabla ya kutia saini, kwa kalamu, mbele ya muuzaji, na usione haya.

Mikopo ya ndani ya simu nayo huondoa ule muda mfupi uliokuwa ukituokoa. Huduma kama Songesha kwa Tanzania na Fuliza kwa Kenya hukamilisha malipo hata salio lako lisipotosha. Zinafaa usiku wa dharura. Ukizitumia kununua gauni, umeiazima kesho ili kuilisha leo, tena kwa ada. Na mikopo ya mtaani inayoitwa kausha damu imewavunjia wengi nyumba. Usiingie humo kwa ajili ya kitu ambacho hakijamaliza hata wiki katika daftari lako. Wala usitoe simu yako nzima, au pikipiki inayokulisha, kama sehemu ya malipo ya kipya kinachong'aa. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Katika ibada kuna kitu kinachofanana na deni, nacho ni nadhiri. Mtu akiwa na joto la moyo humwahidi Mungu: ukinipa hiki nitafanya kile. Katika Waamuzi 11 Yeftha, akielekea vitani, aliahidi kumtoa sadaka yeyote atakayetoka mlangoni kumlaki akirudi na ushindi. Aliyetoka ni binti yake wa pekee, akicheza kwa matari. Hana naye, katika Samweli wa Kwanza, aliweka nadhiri kuwa akipewa mtoto wa kiume atamtoa kwa Mungu. Lakini yeye alikuwa amelia mbele za Mungu mwaka baada ya mwaka, na alichoahidi alikuwa amekielewa. Mtoto alipoachishwa ziwa akampeleka Shilo, akamkabidhi kwa kuhani Eli, bila kuvunja neno. Nadhiri zote mbili zilitamkwa kwa dhati, lakini moja ilizaliwa na joto la saa moja na nyingine na haja ya miaka.

Kitabu cha Mhubiri kinafundisha kuwa heri kutoweka nadhiri kuliko kuiweka usiitimize. Mtume Muhammad pia hakuhimiza nadhiri za masharti. Alieleza kuwa hazibadilishi lililokadiriwa, ila humtoa bahili kitu ambacho hakutaka kukitoa. Kama tayari umeweka nadhiri na imekushinda, usiishi na hofu kimya kimya. Mwislamu amwendee sheikh amweleze, kwani kuna kafara iliyowekwa. Mkatoliki azungumze na paroko wake. Wengine wamwone mchungaji wanayemwamini.

Na ukiambiwa mimbarini au madhabahuni kuwa muujiza wako utapita usipotoa fedha usiku huu, kumbuka muuzaji aliyekuambia zimebaki pea mbili. Mungu aliyemngojesha Zakaria hadi uzeeni hana ofa inayoisha saa sita usiku. Toa sadaka, tena kwa ukarimu, lakini toa ulichokikusudia moyoni ukiwa nyumbani na akili yako imetulia. Hali kadhalika, usihame nyumba yako ya ibada kila mwezi kwa kufuata tangazo jipya. Dua hukomaa mahali ambapo watu wanakujua.

Mpango wa nyumbani

Yote haya yanawezekana kwa hatua chache. Nunua daftari moja, uligawe katikati. Upande mmoja andika unachotamani kununua, upande wa pili unachokiomba, na kila kimoja kiwe na tarehe. Wenye familia wafanye hivyo mume na mke pamoja, na watoto waruhusiwe kuandika vyao. Mtoto anayejifunza kusubiri viatu kwa mwezi mmoja anapewa mafunzo ya maisha yote.

Tenga fungu dogo la hamu katika bajeti ya mwezi, kiasi ambacho kikipotea hakuna atakayelala njaa. Ndani ya fungu hilo kula aiskrimu, nunua ua la nywele, mfurahishe mwenzako bila kuulizana. Mtu anayejinyima kila kitu hufika siku akalipuka na kumaliza akiba yote.

Usinunue kitu kikubwa wala usiweke ahadi kubwa ukiwa na njaa, hasira, usingizi, msiba au shangwe iliyopitiliza. Inyasi alifundisha kuwa wakati wa giza la moyo mtu asibadilishe uamuzi alioufikia akiwa na utulivu. Manunuzi ya Idd na Krismasi yaandikie orodha wiki kadhaa kabla, na ada ya Januari iwekwe pembeni kabla ya kitambaa cha Desemba.

Kila mwisho wa mwezi kaeni dakika thelathini mlipitie daftari. Futeni yaliyopoa bila kujilaumu. Yaliyobaki yapangieni fedha. Upande wa dua, yaliyobaki kwa miezi mitatu yapeni saa maalumu ya kuombewa, na tendo moja la kuyafanyia kazi. Yaliyojibiwa yaandikieni tarehe mshukuru, yakiwemo yale yaliyojibiwa kwa kunyimwa. Baada ya mwaka mtakuwa na kumbukumbu ya kweli ya mioyo yenu, na mtajua haja zenu ni zipi.

Ndugu msomaji, mapato yetu wengi ni madogo na umri wetu ni mfupi. Havitoshi kulisha kila hamu inayobisha hodi, lakini vinaweza kutosha kwa haja chache za kweli tukizitambua mapema na kuzisimamia. Anza mwezi huu, kabla mshahara haujatoka au mazao hayajauzwa. Andika vitu vitatu unavyotaka kununua na mambo matatu unayomwomba Mungu, weka tarehe, kisha usikope wala usiweke nadhiri kwa ajili ya lolote kati yake mpaka siku uliyoipanga itakapofika.